Mada ya Watoto Arobaini na Mmoja

Mwalimu Murungi alikuwa na sharti lake, na kila aliyepitia madarasa yake ya jioni mjini Nyeri alilijua: mada isiyo na swali ni hotuba, na hotuba watu wanazipata kanisani. Kwa hiyo tangazo la mkutano lilipobandikwa ukutani, Agosti ya mwaka 1999, lilisema hivyo hivyo. Kila anayekuja alete mada moja kwenye nusu karatasi. Iishe kwa swali. Iwe na jina la mwenye kuileta. Ifike kabla ya Alhamisi.

Mkutano ulikuwa wa watu wa programu huria kutoka miji inayouzunguka Mlima Kenya. Hawakuwa wengi, na nusu yao hawajawahi kuonana ila kwa barua. Kilichowaunganisha ni jambo moja: ukimpa mwenzako programu ya kompyuta, umpe na maandishi yake ya ndani, ayasome, ayarekebishe akiweza, naye ampe mwingine. Kama mbegu ya viazi, Murungi alipenda kusema. Huli yote, na humnyimi jirani.

Watiri alikuwa mmoja wao, ingawa akiulizwa alisema yeye ni karani tu. Alifanya kazi katika zahanati ya kanisa huko Mweiga, mbele ya kompyuta moja ya zamani iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa kama redio ya sebuleni. Masomo ya mchana yalimshinda kidato cha pili, baba yake alipougua. Ya jioni aliyapata akiwa tayari ameolewa, na mimba ya miezi mitano, akikaa dawati la nyuma karibu na mlango ili akitaka kutoka asisumbue mtu. Murungi ndiye aliyemfundisha, na Murungi ndiye aliyempeleka kwa Sista Magdaline, mkuu wa zahanati, akasema, "Huyu anajua kuuliza. Mchukue."

Programu waliyotumia pale ilikuwa ya Murungi mwenyewe. Kazi yake haikuwa kubwa: kuweka majina ya watoto wa kliniki, na kila Jumatatu kutoa orodha ya wanaotakiwa kuchanjwa wiki hiyo, ili wasiofika watafutwe nyumbani. Ilikuwa imewaokoa wengi. Lakini mapema mwaka huo Watiri aliona tatizo. Akina mama wanapoteza kadi. Mama akipoteza kadi anapewa nyingine, mtoto anaandikwa upya, na mtu wa kutafuta watoto anapanda mlima kumtafuta mtoto aliyekwisha kuchanjwa.

"Mwalimu," alimwambia Murungi siku moja baada ya darasa, "majina yanajirudia. Si ingefaa kompyuta iyaunganishe yenyewe?"

Murungi alifurahi kama mtu aliyeulizwa habari za mwanawe. Aliandika mistari michache, akampa kwenye diski. Kanuni ilikuwa nyepesi: majina mawili yakifanana, kijiji kikawa kimoja na mwezi wa kuzaliwa ukawa mmoja, basi huyo ni mtoto mmoja, rekodi zake ziunganishwe. Watiri aliiweka siku ya Jumatatu, mwezi wa Machi. Kompyuta ilinguruma kwa muda, ikanyamaza. Watoto mia sita na kumi na wawili wakawa mia tano sabini na mmoja.

"Umefagia," Sista Magdaline akasema. "Sasa hata mimi naweza kusoma hii orodha."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokaa mpaka wiki ya kwanza ya Agosti, Watiri alipochapisha orodha ya watoto wa kuchanjwa surua. Alikuwa amengoja orodha hiyo kwa sababu yake mwenyewe. Binti yake Gathoni alikuwa ametimiza miezi tisa wiki mbili nyuma, siku alizokuwa na homa, na Sista alikuwa amesema wangoje kidogo. Alipitisha kidole kwenye karatasi. Gathoni hakuwemo. Akaangalia tena kuanzia juu, akawasha kompyuta, akatafuta jina. Ikamwambia Gathoni Mutahi, wa kijiji chao, aliyezaliwa Oktoba, amekwisha kuchanjwa surua tarehe kumi na tisa Julai.

Alicheka kwanza. Alijua ni nani aliyechanjwa siku hiyo: ni Gathoni wa shemeji yake Dedan, aliyezaliwa Oktoba hiyo hiyo, siku kumi na moja kabla ya wake. Mzee Mutahi, baba mkwe wake, alikuwa na wana watatu, na kila mmoja, alipopata binti wa kwanza, alimpa jina la mama yao, kama mila yao inavyotaka. Nyumba ile ilikuwa na Gathoni wanne ukimhesabu nyanya mwenyewe. Ukiita kutoka jikoni, wanaitika kutoka pande zote.

Kisha kicheko kikamkauka, kwa sababu si nyumba ya Mutahi peke yake inayozaa watoto wa majina ya wazee. Ni Mweiga nzima. Alivuta kutoka kabatini orodha ya zamani, ile ya Machi kabla ya kufagia, akailinganisha na mpya. Watoto arobaini na mmoja walikuwa wametoweka. Wengine bila shaka walikuwa marudio ya kweli. Lakini wiki ile, kila mama aliyefika ambaye jina la mtoto wake lilikuwa kati ya yale, Watiri alimwomba kadi na kumwuliza maswali. Alipata sita. Mmoja alikuwa marudio. Watano walikuwa watoto kamili, wenye meno yao na kikohozi chao, waliochukuliwa kuwa mtu mwingine.

Na yeye ndiye aliyeomba. Yeye, aliyeitwa Watiri kwa sababu nyanya yake alikuwa Watiri, na mwenye binamu wanne wa jina hilo.

*

Alikuwa amemwambia Sista siku ile ile ya kuchapisha orodha, na Sista akasema, "Rudi kwa daftari mpaka hiyo kitu itengenezwe. Na mwalimu wako aambiwe."

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Kwenye mkutano wa Jumamosi, Murungi alikuwa agawe toleo jipya la programu kwa zahanati kumi na mbili: Naro Moru, Karatina, Nkubu, mpaka Doldol kwa wafugaji. Ufagio ule wa kuunganisha majina ulikuwa ndani yake, na humo ulijiendesha wenyewe kila mwisho wa mwezi, bila kuulizwa. Diski zikishatoka nje ya mlango, nani atazifuata mpaka Doldol?

Jioni ya Jumanne alikaa mezani na nusu karatasi, Gathoni akiwa mapajani akivuta kalamu. Aliandika: Umuhimu wa majina katika programu zetu. Je, tufanyeje?

Mumewe Theuri aliisoma akiwa amesimama, chai mkononi. Theuri alikuwa fundi wa baiskeli na hakujua kompyuta, lakini alijua mtu anapozungukazunguka.

"Hii inasema nini?"

"Inasema majina ni muhimu."

"Ni muhimu, ee. Sasa mimi nikiwa hapo nitasema amina, niende kutafuta chakula."

"Sitaki kumwaibisha mwalimu. Ni mtu amenishika mkono."

"Na huyu?" Theuri alimchukua binti yake. Kama wanaume wengi wa huko, hakumwita kwa jina, alimwita mama, kwa kuwa ndiye mama yake aliyerudi. "Mama yangu huyu, kompyuta inasema amedungwa sindano. Amedungwa?"

"Hajadungwa. Nitampeleka kesho."

"Wewe uko karibu na hiyo mashini, umeona. Yule wa Doldol ataonea wapi?"

Watiri aligeuza karatasi na kuandika upande wa pili, bila kuinua kalamu: Programu yetu imefuta watoto Mweiga kwa sababu wamepewa majina ya nyanya na babu zao. Mimi ndiye niliyeomba ifanye hivyo. Tutawarudishaje, na je, toleo jipya lisimame kwanza?

Akaipeleka Jumatano. Alhamisi jioni, darasa lilipokwisha, Murungi alimwita mbele. Karatasi yake ilikuwa juu ya meza, imekunjwa mara mbili.

"Watiri, hii tutaongea kando, wewe na mimi."

"Sawa, mwalimu. Lakini Jumamosi..."

"Jumamosi wageni wanatoka mbali. Nyaga anatoka Embu na mambo ya mwaka elfu mbili, kila mtu anataka hiyo. Wewe una nyumba moja yenye Gathoni wengi. Kwetu sisi, upande ule mwingine wa mlima, mama aliangalia mtoto akachagua jina, hatuna hiyo shida. Nitairekebisha baadaye, polepole."

"Si nyumba moja. Ni watoto arobaini na mmoja."

"Wangapi ni marudio ya kweli?"

"Sijui. Nimehakikisha sita. Watano sio marudio."

"Umeona? Hujui." Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyosahihisha zoezi. "Mtu haleti mbele ya watu jambo ambalo hajamaliza kulipima. Nilikufundisha hivyo."

Alikuwa amemfundisha hivyo kweli. Watiri alisema asante, kwa sababu ndivyo mtu anavyomwambia mwalimu, akatoka. Kwenye ubao wa matangazo orodha ya mada ilikuwa imekwisha kupigwa taipu. Zilikuwa nane. Yake haikuwemo. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja, nao aliusoma mara mbili: Mada kutoka ukumbini zitapokelewa asubuhi, kwa mlolongo. Ikipata watu watano, itajadiliwa.

*

Jumamosi ukumbi wa kanisa ulikuwa baridi na viti vilikuwa vya watoto wa shule ya Jumapili, vifupi, kiasi kwamba watu wazima walikaa magoti yakiwa karibu na kidevu. Walikuwa ishirini na tisa. Watiri alimfunga Gathoni mgongoni kwa leso na kubaki amesimama. Mezani mbele, kando ya kompyuta mbili, palikuwa na sanduku la kadibodi lenye diski, kila moja na kibandiko chenye jina la mji.

Murungi aliwakaribisha, akamwomba mmoja aongoze sala, kisha akaeleza utaratibu. Nafasi za mchana zilikuwa tatu. Kila mwenye mada asimame, aiseme kwa sentensi moja au mbili, na watu wapange mstari nyuma ya mada wanayoitaka.

"Mlolongo tena?" akauliza mtu kutoka nyuma. "Si hii nchi iliikataa hiyo maneno ya kupigia kura kwa mstari?"

"Ile tuliikataa kwa sababu mstari mfupi ulikuwa unashinda," Murungi akajibu, na watu wakacheka mpaka viti vikalia. "Hapa ukiwa mfupi, umeshindwa."

Nyaga wa Embu alisimama wa kwanza. Alikuwa kijana mrefu mwenye shati la kupigwa pasi, na hakuhitaji hata sentensi moja. "Usiku wa mwaka mpya kompyuta zenu zitafikiri ni mwaka elfu moja mia tisa. Mtafanya nini?" Mstari wake ulifika mlangoni. Gaceri, muuguzi kutoka Nkubu, alikuwa na mada ya kutafsiri programu kwa Kiswahili, akapata saba. Jamleck wa Naro Moru, aliyeweka kumbukumbu za wapagazi wa mlima, alitaka kujua namna ya kutuma orodha kwa simu ya waya bila kukatika. Akapata wanne, akakubali na kwenda kujiunga na Nyaga; wale wengine watano hawakupata hata hao.

"Kuna mada kutoka ukumbini?" Murungi akauliza. Alikuwa akimtazama Nyaga, si Watiri.

Watiri alinyosha mkono. Kwa muda ilikuwa kama hakuonekana. Kisha Gaceri akasema, "Mwalimu, kuna mama huku."

Murungi aligeuka. "Watiri. Tulisema tutaongea kando."

"Ulisema, mwalimu. Nami nilisema sawa, na nilikosea." Sauti yake ilikuwa ndogo, akaisukuma. "Mada yangu ni hii. Programu ya kliniki inaunganisha watoto wenye majina sawa. Mweiga imefuta watoto ambao wako hai. Mimi ndiye niliomba iwe hivyo. Swali langu ni kama hizo diski zigawiwe leo."

Hakuna aliyesogea. Watu walitazama sanduku, wakamtazama Murungi, wakatazama viatu vyao. Si kwamba hawakusikia. Mtu akisimama kukosoa kazi ya mwalimu mbele ya mwalimu, kwenda nyuma yake ni kusema nawe umekosoa. Watiri alisimama peke yake katikati ya sakafu na mtoto mgongoni, na alihisi joto la mtoto na baridi ya ukumbi kwa pamoja.

"Sekunde tano zaidi," akasema Murungi, na alisema kwa upole, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Niulize kitu kwanza," Watiri akasema. "Nani hapa amepewa jina la babu yake au nyanya yake?"

Mikono ilipanda. Kwanza ya watu wa Nyeri na Karatina, kisha wengine, kama ishirini na kitu.

"Wewe," alimwelekeza mwanamume mmoja kwenye mstari wa Nyaga, mnene, mwenye kofia mkononi. "Unaitwa nani?"

"Wamae."

"Kwa baba zako wadogo na wakubwa kuna Wamae wangapi?"

Mwanamume alifikiri. "Sisi ni watano. Ati shuleni tulikuwa watatu darasa moja. Mmoja akichapwa, mwalimu anauliza, huyu ni yupi? Tulichapwa wote."

Ukumbi ulicheka, naye Wamae akacheka, kisha akaacha kucheka. Watiri aliona uso wake ukibadilika kadiri hesabu ilivyokuwa ikimfikia.

"Sasa ngoja," akasema Wamae. "Mimi niko zahanati ya Karatina. Hiyo diski yangu iko hapo kwa sanduku."

"Iko."

"Na mwisho wa mwezi?"

"Itawaunganisha yenyewe. Haiulizi."

Wamae alitoka kwenye mstari wa Nyaga, akaja, akasimama nyuma ya Watiri. Alikuwa na harufu ya sabuni ya kufulia. Baada yake alikuja mwanamke mmoja wa Mukurwe-ini. Gaceri aliangalia mstari wake wa watu saba, akawaambia, "Nyinyi kaeni, mimi naenda kusikiliza hii," na wawili wakamfuata bila kuambiwa. Jamleck akasema hata wapagazi wana majina hayo hayo, juzi mmoja alipandishwa mlimani kwa zamu ya mwingine, naye akaja. Watiri hakugeuka kuhesabu. Alimsikia Murungi akihesabu kwa sauti, kama anavyohesabu alama, mpaka kumi na moja.

"Imepita," Murungi akasema. Akaiandika ubaoni, chini ya ile ya Nyaga, kwa maneno ya Watiri mwenyewe. Kisha akaongeza, bila kumtazama mtu, "Itajadiliwa kwanza. Diski zingoje."

*

Walijadili kwa saa mbili. Haukuwa mjadala mzuri wa kusimuliwa; watu walizungumza kwa pamoja na wengine walirudia yaliyokwisha kusemwa. Mmoja alisema liongezwe jina la mama. Wamae akamwambia kwao wake watatu wa ndugu zake wote wanaitwa Wanjiru. Mwingine akasema tarehe kamili ya kuzaliwa, na Gaceri akauliza kama amewahi kusikia habari za mapacha, au za mama aliyejifungulia shambani akakumbuka tu kwamba mahindi yalikuwa yanachanua. Nyaga, ambaye alikuwa ameghadhibika kidogo kwa kupoteza nafasi ya kwanza, ndiye aliyesema jambo la maana kuliko wote. Tatizo si jina, alisema. Tatizo ni kwamba mashini inaamua. Iache ionyeshe wanaofanana, na karani na mama mwenye kadi waamue.

"Na mama akiwa amepoteza kadi?" mtu akauliza.

"Mama hajapoteza mtoto," Watiri akasema. "Ataulizwa. Atajua kama ni wake."

Murungi alikaa mbele ya kompyuta. Alifungua maandishi ya programu yake, yakaonekana kwa wote, akaitafuta mistari ile aliyoiandika Machi. Ilikuwa kumi na minne. Aliisoma kwa sauti mpaka mwisho, kila mmoja asikie kilichokuwa kikifanyika, kisha akaifuta mmoja mmoja. Alipomaliza, aliandika mipya michache mahali pake, kisha akasogeza kiti pembeni.

"Kaa hapa," alimwambia Watiri. "Andika wale wa kwenu. Tuone."

Watiri alimshusha Gathoni, akampa Gaceri amshike. Aliandika Gathoni Mutahi, Oktoba. Akaandika Gathoni Mutahi, Oktoba. Akaandika wa tatu, mkubwa wao, wa miaka mitano. Kompyuta ilileta maneno mapya ambayo Murungi alikuwa amekwisha kuyaandika: wawili hawa wanafanana, je, ni mtoto mmoja? Akabonyeza hapana. Majina matatu yakakaa kwenye kioo, moja chini ya jingine.

"Hii ni ya siku za mbele," Murungi akasema. Alikuwa akifuta miwani kwa ncha ya tai. "Wale walioungana tayari, programu haiwezi kuwatenganisha. Nilitupa rekodi ya pili. Sikuiweka mahali." Alisema hivyo kwa watu wote, kisha kwa Watiri peke yake. "Ungeniambia kwa nguvu zaidi Alhamisi."

"Ungenisikiliza kwa nguvu zaidi, mwalimu."

Wamae alikohoa. Murungi alivaa miwani, akatikisa kichwa kidogo, na haikujulikana kama alikuwa anakubali au anacheka.

"Wamebaki thelathini na watano," akasema. "Orodha ya karatasi unayo. Nani anawafuata?"

Hilo halikuwa la mlolongo. Hakuna mtu wa Embu au Naro Moru ambaye angesimama nyuma ya nyumba za Mweiga, na Watiri hakuwatazamia. Alimchukua binti yake, ambaye alikuwa ameanza kutafuta titi kwenye kifua cha Gaceri.

"Mimi naanza Jumatatu, mchana, kliniki ikifungwa," alisema. "Naanza na nyumba za karibu na barabara, halafu napanda juu."

"Siku ngapi?"

"Kwa mguu, wiki mbili. Labda tatu. Akina mama wengi wako kwa viazi saa hizo, itabidi niwafuate shambani."

Murungi alichukua kalamu. Kwenye ukurasa wa kumbukumbu za mkutano, mahali pa uamuzi, aliandika jina la Watiri. Akasita, kisha akaandika lake chini yake, na tarehe ya Jumatatu.

"Mimi sijui njia za huko," akasema. "Utanionyesha."

Gathoni alianza kulia. Watiri alitafuta kiti kimoja kati ya vile vifupi karibu na mlango, akakaa, akamnyonyesha, huku Nyaga akifuta ubao ili aanze habari zake za mwaka elfu mbili.